Jirani Aliyesubiri Aitwe

"Shule zikifungwa, mimi na mapacha tunarudi nyumbani. Wewe baki na lifti zako."

Baba Pacha alikuwa amekaa kitandani anavaa soksi. Ya pili ikabaki mkononi.

"Mama Pacha, hebu tuongee kwanza."

"Si ndiyo tunaongea? Nimesema, umesikia."

Ilikuwa siku yake ya mapumziko, na bado alikuwa anajiandaa kwenda kazini. Baba Pacha ni fundi lifti, na kazi hiyo ndiyo iliyowaleta ughaibuni yeye, mkewe na binti zao pacha. Siku ya kuondoka, mama mkwe alimtuliza Mama Pacha: unakwenda nchi ya Waislamu wenzetu, adhana ileile, kibla kilekile, utajiona uko kwa shangazi yako. Sawa, lakini hata kwa shangazi mtu anahitaji wa kuongea naye.

"Lugha utaizoea," alisema mume.

"Nitaizoea na nani? Nikitoka natoa salamu, naitikiwa vizuri kabisa. Baada ya hapo wao wananiangalia, mimi nawaangalia, basi, kila mtu na njia yake. Na hapa ndani wananichezea. Wanagonga mlango, naitikia, nikifika hakuna mtu. Tangu tuhamie. Watu wazima na akili zao."

"Labda unasikia vibaya."

"Masikio yangu mazima, mume wangu. Moyo ndio umechoka."

Mlango ukagongwa.

Mama Pacha akapaza sauti kama alivyolelewa: "Karibu! Karibu ndani!"

Nje viatu vikasikika vinaondoka taratibu.

"Umesikia mwenyewe?"

Baba Pacha akatoka mbio na soksi yake moja. Kwenye ngazi akamkuta mama wa mlango wa pili, mwanamke wa makamo, anarudi kwake kwa unyonge. Wakaongea kwa lugha ya pale. Mama Pacha alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akaona mumewe anashika ukuta kwa kicheko.

"Anasema nini?"

"Anasema wewe ndiye unayemchezea. Kila akigonga unamwambia 'punde'. Anarudi kwake, anakaa kusubiri umwite. Humwiti."

"Mimi? Mimi namwambia karibu!"

"Ndiyo hiyo. Kwao 'kariban' ni punde. Ndilo neno la kwanza nililojifunza kazini. Lifti ikikwama watu wanauliza itapona lini, nawaambia kariban, wanaondoka."

Mama Pacha alicheka mpaka akakaa chini. Jirani naye akacheka, hajui anachekea nini. Akaingizwa ndani kwa mkono, akaketi sebuleni, na mabinti, ambao shule imewafundisha ile lugha kuliko wazazi wao, wakawa wakalimani. Anasema wanawe wameolewa mbali. Anasema alikuwa anataka tu kukujua, mama.

Simu ya Baba Pacha ikalia. Alikuwa msimamizi.

"Uko wapi? Wapangaji wananipigia kelele huku."

"Nipo njiani," alijibu, naye yuko kwenye kochi. Akakata, akageukia mkewe akitabasamu. "Umeona? Jambo dogo, limekwisha. Acha niwahi."

"Unarudi saa ngapi?"

"Punde."

Kicheko kikamkauka Mama Pacha. Akamtazama kwa utulivu, bila hasira.

"Huyu mama ameambiwa punde kwa bahati mbaya, akaona hatakiwi. Mimi naambiwa na mume wangu, kwa Kiswahili safi. Darasa la lugha, punde. Kututoa matembezi, punde. Nikikutumia meseji jioni, punde. Sasa mimi nielewe nini?"

Baba Pacha akaacha kutafuta soksi yake ya pili.

"Nina upweke, Baba Pacha. Nilikuwa naulaumu mlango, kumbe hautoki mlangoni. Unatoka kwako."

"Mimi nilidhani nikichoka sana ndiyo nawapenda sana."

"Tungekuona hata umechoka, ningeshukuru. Hatukuoni."

Mabinti hawakumtafsiria jirani. Kuna maneno hata mtoto anajua si ya kupeleka.

Baba Pacha akachukua simu, akampigia msimamizi hapohapo.

"Bosi, leo siji."

"Hujambo wewe? Si umesema uko njiani?"

"Nilikudanganya, nisamehe. Leo ni siku yangu ya mapumziko, niko na mke wangu. Mpe fundi mwenzangu wa zamu, anaiweza."

"Na jioni?"

"Jioni pia niko na mke wangu."

Bosi akaguna, akakata. Baba Pacha aliweka simu mezani.

"Darasa la lugha tunakwenda kuuliza leo, mimi na wewe. Lakini niambie ukweli. Bado unataka kurudi?"

Mama Pacha alijifuta macho kwa upande wa mtandio.

"Nani alitaka kurudi? Nilikuwa nataka urudi wewe."

Baba Pacha akaketi pembeni yake mbele ya mgeni na watoto, akamshika mkono, wala hakuona haya.