Abiria wa Mbizi

Mbonile alikuwa mtu wa kuchekesha hata msibani, na mkewe Zita alikwishazoea kumkanyaga mguu chini ya meza. Jioni ile walipandisha gari milima ya Mbizi kujaribu breki, maana kesho yake alfajiri ilikuwa safari: kutoka Sumbawanga walikoishi, chini ya Mbizi, mpaka mlima Rungwe, kwao Mbonile, siku nzima barabarani. Njia nzima alipanga safari hiyo kwa sauti ya mnadani. Chai Laela, kuku Tunduma, picha Mbeya, na jua likizama wawe Tukuyu, mama mkwe anamkagua Zita kama amenenepa.

Kileleni wakageuza. Ukungu ulikuwa unashuka.

Kando ya barabara alisimama bibi, kitenge kimemfunika hadi machoni.

Zita ni Mfipa. Kwao mtu humrukii kwa maneno. Unainama, unapiga makofi taratibu, unasalimu, unangoja uitikiwe. Na huko juu, jioni, asiyeitikia unampita. Mbonile akashusha kioo, salamu akairuka kama dimbwi.

"Bibi, kesho tunakwenda Rungwe. Nafasi ipo, karibu."

Mguu wa Zita ulichelewa.

"Shikamoo, bibi," Zita alisema upesi.

Kimya.

"Shikamoo..."

Bibi hakuwepo tena. Kiti cha nyuma kikalia, kama kinavyolia mtu mzito akikaa. Harufu ya majivu yaliyolowa ikajaa garini.

"Usigeuke," Zita akanong'ona. "Endesha."

Taa za Sumbawanga zilionekana kule chini, karibu kabisa. Wakakata kona, wakajikuta kileleni. Kona nyingine... kileleni. Breki zilikuwa nzima. Ndicho kitu pekee kilichokuwa kizima. Milango iligoma, vioo viligoma. Nyuma yao sauti kavu ikaanza kupanga safari, polepole. Chai Laela. Kuku Tunduma.

Kisha ikasema, "Aliyenikaribisha ndiye anipeleke. Huyu mwingine ananibana."

Mlango wa Zita ukafunguka wenyewe.

Aling'ang'ania mkono wa mumewe. Ulikuwa wa baridi, umeganda kwenye usukani. Mbonile akajaribu kucheka, kicheko kikakataa.

"Shuka, mke wangu. Mama nitamwambia umenenepa."

Alishuka. Ukungu ukameza taa nyekundu za gari, moja, halafu nyingine.

Gari halikuonekana Laela, wala Tunduma, wala bondeni. Katekista Beda alisema yule ni marehemu aliyefia njiani zamani, bado anatafuta pa kufikia. Majirani wao mtaani Mazwi walisema ni wachawi wa biashara. Zita hakubishana na mtu. Alimtaka mumewe tu, arudi hata kama amekonda.

Jana magharibi simu iliita. Namba ya Mbonile.

"Zita..." Sauti ilikuwa ndogo, kama ya mtu aliyekaliwa kifuani. "Tulifika Rungwe. Hakupapenda. Anataka kwetu. Nikibisha hodi, usiitikie. Hata nikilia."

Ikakatika.

Mwanga wa gari ukapita kwenye pazia. Mlango wa gari ukafunguka, ukafungwa. Halafu wa pili.

"Hodi."

Ilikuwa sauti yake, ileile iliyomchekesha kanisani siku ya ndoa. Kwenye kizingiti aliona kivuli cha miguu ya mtu mmoja. Harufu ya majivu yaliyolowa ikapenya chini ya mlango.

"Hodi, mke wangu. Nina baridi."

Zita akajishindilia kanga mdomoni kwa mikono miwili, maana neno lilikwisha kufika ulimini.