Mstari wa Kumi na Tisa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kalamu aliketi kwenye benchi la shangazi yake, fundi simu, akaandika habari kwenye ukurasa wa mtandaoni wa mtaa wao. Shangazi ndiye aliyeutengeneza. Haukuwa na picha wala mapambo: ujumbe mmoja usiozidi herufi mia moja na arobaini, basi. Hata bibi yake Kalamu aliusoma kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka.

"Shangazi, herufi hizi zinanibana," Kalamu alilalamika. "Mimi nina maneno!"

"Ala! Mshairi wa taifa!" Shangazi alicheka. Lakini alichoka kusumbuliwa, akaondoa kikomo.

Wiki nzima Kalamu alijimwaga. "Ujumbe wako una sura ngapi?" wenzake walimtania. Hakujali.

Jumatatu fundi bomba alifika, matope hadi magotini. "Mwanangu, waambie watu wachemshe maji. Bomba limepasuka, uchafu wa mtaro unaingia."

Kalamu alianza ujumbe na mawingu mazito, akaelezea uchovu wa fundi. Kuchemsha maji kulikuja mstari wa kumi na tisa.

Jumatano bibi alishindwa kuinuka. Zahanati ilijaa majirani wanaoharisha na kutapika. Bibi alilazwa sakafuni kando ya mzee mshona viatu wa mtaani, dripu ikining'inia kwenye msumari wa dirisha.

"Bibi, hukusoma?"

"Nilisoma, mjukuu wangu. Nikafika kwenye mawingu, macho yakachoka. Nikasema nitamalizia jioni. Nikachota maji, nikanywa."

Kalamu alikimbia hadi kwa shangazi. "Rudisha kikomo!" Kisha akaandika: "Usinywe maji ya bomba bila kuchemsha. Yana uchafu. Ukiharisha, nenda zahanati leo."

Kabla ya adhuhuri, kila jiko lilikuwa na sufuria ya maji. Bibi alirudi Ijumaa, amekonda, akishika ukuta. Mzee mshona viatu hakurudi.

"Ni mimi, shangazi," Kalamu alisema akilia.

"Ni sisi wawili. Kikomo nilikiondoa mimi." Shangazi alimfuta machozi. "Watu walisoma ukurasa huu kwa sababu haukuwachosha. Anayesoma amesimama, mtoto analia, chakula kiko motoni. Mpe la muhimu kwanza, umwache aendelee na kazi zake. Hayo mengine yaandike kwenye daftari."

Kalamu aliinamia simu. "Mshona viatu anazikwa leo saa tisa. Njooni."

Mtaa mzima ulisoma. Mtaa mzima ulikuja.