Mlango wa Chumba cha Giza

Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, lakini santuri ilikuwa inazunguka. Mke wa fundi picha aliikuta hivyo alipoingia studio na ufagio wake. Aliisimamisha kwa kidole. Ndipo akasikia harufu ya ile dawa ya kuchua aliyokuwa akimpaka binti yao kifuani kila pumu ilipombana, na binti mwenyewe alikuwa na miezi miwili kaburini.

"Baba Kasuku," alimwita mumewe kwa sauti ya chini. "Hebu njoo unuse."

"Siki hiyo," fundi alijibu bila kumtazama. "Dawa za picha si zinanuka siki siku zote?"

Studio ile ilikufa simu zilipoanza kupiga picha, ikaja kufufuliwa na vijana wenye nafasi zao. Mtu ana picha elfu tano kwenye simu, anakuja na kamera ya babu yake, anangoja wiki nzima apate picha thelathini na sita, nusu yake zimeungua, na bado anashukuru. Wapenda vya kale hupenda na kelele za kale, kwa hiyo fundi akawawekea santuri chumba cha mbele. Wakamwita Mwalimu. Sifa zikamlevya mzee wa watu.

Siku Kasuku alipokufa, Mwalimu huyo alikuwa amejifungia komeo chumba cha giza, anasafisha mkanda wa mmoja wao. Mtoto alikuwa na miaka tisa, na jina hilo la utani lilitokana na mdomo wake usiotulia. Mama alikuwa sokoni. Kipulizio cha pumu kilikuwa mfukoni mwa shati la baba. Mama aliporudi alimkuta binti sakafuni, mbele ya mlango ule.

"Santuri ilikuwa juu mno," fundi aliwaambia waliokuja kuwapa pole, mmoja baada ya mwingine. "Sikusikia kitu."

Wakamhurumia. Mkanda wa yule kijana ulitoka salama salimini. Ulikuwa na picha za paka wake.

Baada ya asubuhi ile ya ufagio, santuri ilianza kujipigia yenyewe, na komeo likawa linatikisika mchana kweupe. Wakamwita mganga, bibi mmoja mkavu asiye na maneno mengi. Aligusa mlango wa chumba cha giza, akajifuta mkono haraka kwenye nguo.

"Ni jini," alisema. "Limevaa sauti ya mtoto. Lakini jini halikai na njaa, wanangu. Nani humu analilisha?"

Mama alimtazama mumewe. Fundi akaapa kwamba hajui.

"Haya. Basi mimi siwezi kulitoa," bibi alisema, akaenda zake.

Siku ya pili mama alifungua begi la shule la Kasuku, jambo alilokuwa akiliogopa, akakuta ile kamera ndogo aliyopewa na baba yake. Ndani mlikuwa na mkanda, umejaa.

"Humu ndimo alimobaki," alimwambia mumewe, akamwekea kamera mikononi. "Nitolee mwanangu. Sikuombi kingine tena maisha yangu yote."

Adhuhuri fundi aliingia chumba cha giza akatia komeo, na mkewe akaenda uani kuteka maji ya kuoshea picha. Gizani fundi aliutoa mkanda akaanza kuuviringisha kwenye kigurudumu chake. Hatua hiyo haitaki mwanga hata wa tundu la sindano, na vidole ndiyo macho. Hapo santuri ikaanza, kwanza chini, kisha ikapanda hadi chupa za dawa zikagongana rafuni, na ndani ya makelele yale mlango ukabishwa mara tatu, chini, usawa wa mtoto, "Baba, kifua, Baba," na harufu ya dawa ya kuchua ikamjaa puani, naye akajua kwamba ni jini, akajua kwamba akifungua mkanda utaungua na mwanawe hatakuwa na sura tena duniani, lakini mlio wa kubisha ukaanza kulegea, kama ulivyolegea siku ile, ukabaki wa ngumi moja, ukabaki wa kucha, kisha kucha zikateremka taratibu kwenye ubao, na yeye aliyewahi kusimama hapo hapo na paka wa watu mkononi, akijiambia dakika mbili tu, dakika mbili tu, hakuweza kusimama mara ya pili.

Akavuta komeo.

Nje hapakuwa na mtoto. Alikuwapo mkewe, amekuja mbio na ndoo, anautazama mkanda uliokuwa unaning'inia kwenye mwanga.

"Umeuunguza!" alipiga kelele. "Kwa nini umefungua?"

"Alibisha!" Fundi naye ilibidi apige kelele ili asikike. "Nimemsikia, Mama Kasuku! Nimemsikia waziwazi!"

Santuri ikanyamaza ghafla.

Mke aligeuka akaitazama. Akaiweka ndoo chini polepole, asimwage hata tone.

"Na santuri yote ile," alisema, "umemsikia?"

Fundi aliinamisha macho kwenye komeo.

Mama aliondoka jioni ile na kamera tupu ya mwanawe. Jini nalo halikurudi, kwa kuwa siri ilikuwa imefichuka, halikuwa na cha kula tena. Vijana bado wanaleta mikanda yao, na Mwalimu bado anaisafisha, ila mlangoni komeo ameling'oa. Akiwa gizani husimama kwanza, ametega sikio. Hakuna anayebisha.