Kitoroli Kilichofungwa Waya

Kinyozi hakuwa na redio, hakuwa na kasia, hakuwa na kisu, na maji ya kunywa yalikuwa nusu chupa. Zaidi ya yote, hakuwa na mtu aliyemweleza kazi ya ile reli fupi iliyokatiza mashua mbele ya usukani. Mwenye mashua, alipomkodishia, alimwambia tu, "Hiyo usiiguse, mzee. Si ya wateja," kisha akaisukuma mashua kwa mguu kutoka gatini.

Alikuwa na shemeji yake muuguzi, dada wa mkewe, wakivuka ghuba kwenda kisiwani kumwona mama mkwe aliyekuwa mahututi. Katikati ya ghuba upepo ukapanda ghafla. Tanga likajaa, mashua ikalala ubavu, maji yakamiminika ndani.

Kinyozi akalegeza kamba ya tanga. Boriti ya chini ya tanga ikarushwa juu, ikashuka, ikampasua kipaji cha uso. Tanga likapigapiga bure, na mkondo ukaanza kuwabeba kuelekea bahari kuu. Akaikaza kamba. Mashua ikalala tena.

"Ukivuta tunazama, ukiachia tunapotea," alisema shemeji, akimfunga mtandio kichwani. "Amua, shemeji."

"Nikiamua utanilaumu."

"Hata samaki wakinila nitakulaumu."

"Nipe maji."

"Funda moja. Mengine ya baadaye."

Alipoinama kufuta damu machoni, akakiona. Kamba ya tanga ilishikwa na kitoroli kidogo kilichokaa juu ya ile reli. Kila upepo ulipopiga, kitoroli kilijivuta kuelekea upande uliolala, kikatetemeka, kikakwama. Kilikuwa kimefungwa katikati kwa waya uliosokotwa.

"Kinataka kwenda," alisema polepole. "Mtu amekifunga."

Shemeji akausokotoa waya kwa ufunguo wa nyumba, kucha zikimkatika. Waya ulipoachia, kitoroli kiliteleza hadi mwisho wa reli. Boriti ikakifuata nje, lakini safari hii haikuruka juu. Ilibaki chini, na tanga likatulia. Mashua ikainuka, ikashika mwendo. Upepo ukipungua, Kinyozi alikirudisha kitoroli katikati kwa kikamba chake. Ukizidi, alikiachia.

"Ndiyo kazi yake yote?" aliuliza shemeji.

"Yote."

"Na tukanyimwa hata hilo."

Walifika kisiwani wamelowa, mama yuko hai, akawauliza mbona wamechelewa.

Waliporudi, mwenye mashua aliangalia reli kwanza, kisha ndipo akakiona kichwa kilichofungwa.

"Mmefungua waya wangu. Kile kitoroli kinagonga usiku kucha, majirani wananisema."

"Kwa hiyo ulilinda usingizi wa majirani," alisema Kinyozi. Hakupaza sauti. Tangu siku ile hakuwahi tena kutii "usiiguse" bila kuuliza kwa nini.

Alasiri hiyo, kwenye kiti cha wateja wake, alimwandikia mkuu wa bandari. Aliandika alichofanyiwa, na jinsi kitoroli kinavyofanya kazi, kwa maneno ambayo hata mtu asiyejua tanga angeyaelewa. Shemeji alisoma, akamrudishia karatasi.

"Ongeza hili. Nimepita gatini. Mashua zake zote zimefungwa waya vilevile, na Jumamosi anachukua watoto wa shule."

Kinyozi akaongeza, akapigia mstari neno Jumamosi. Akaikunja barua, akaibana bahasha kwa gundi, akafunga duka mapema, akaipeleka mwenyewe hadi mkononi mwa karani wa bandari.