Mlango wa Nje wa Chumba Kipya

— Usiguse ukuta huo! — Verediana alimzuia fundi Nicodemo, nyundo tayari iko juu. — Ndio unaobeba kenchi za paa. Ukiutoa, bati zote zinatuangukia.

— Mama, bwana Patriki anataka sebule kubwa.

— Bwana Patriki yuko shambani. Ongeza chumba kimoja tulichokubaliana, basi.

Patriki, mumewe, aliendesha mashine ya kuvuna ngano kwenye mashamba ya serikali huko Basotu. Nyumbani Katesh alionekana Jumamosi tu. Ukarabati wote ulikuwa juu ya Verediana: alisomba mawe ya msingi mgongoni, akachimba mtaro ili maji ya mlimani yasile ukuta mpya, akawasihi mafundi wamalize paa kabla ya mvua.

Jumamosi Patriki akaja na jipya.

— Fundi, toboa mlango hapa, utokee nje.

— Mlango wa nini tena, baba Lukasi? Tulipanga dirisha. Tukibadili mpango kila siku, hatumalizi.

— Ni chumba cha wageni, mke wangu. Mgeni naye apate uhuru wake.

Alisema hayo akitazama mlima. Verediana akakubali.

Lipu ilikuwa haijakauka vizuri trekta la shamba liliposimama nje. Patriki akashuka na godoro. Nyuma yake akashuka msichana mwenye sanduku, mimba imeshajitokeza.

— Shikamoo, dada. Naitwa Tekla. Patriki alisema utanipokea vizuri.

— Marahaba. Alikuambia mimi ni nani yake?

— Dada yake. Unamtunzia nyumba.

— Mimi ni mke wake, Tekla. Tulifunga ndoa kanisani kwetu, Masieda.

Tekla akakaa juu ya sanduku lake palepale, akaangua kilio. Verediana hakulia. Alimgeukia mumewe.

— Ulikuwa unaniona nikibeba yale mawe?

— Vere, nisikilize. Nilitaka nikuambie chumba kikishakwisha.

— Ulitaka nimalize kwanza kumjengea.

Verediana akaingia ndani, akamfunga mwanawe Lukasi mgongoni, akatoka. Mumewe akamkimbilia hadi barabarani.

— Usiondoke! Namrudisha leo hii!

— Umrudishe wapi na tumbo hilo? Mwenzangu naye umemdanganya. Mpe maji, amechoka na safari.

Alifika Masieda kesho yake, vumbi hadi kwenye nyusi. Baba yake alikuwa akipalilia.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba, mwanangu! Vipi, nyumba imekwisha?

— Imekwisha, baba.

Hapo ndipo machozi yalipomtoka. Mzee akaweka jembe chini, akampokea mtoto.