Punje Nyekundu Ndani ya Kompyuta

Kila asubuhi kabla ya shule, binti yangu Ismita aliifuta kompyuta yake mpya kwa kitambaa, kisha akaifunika kama mtoto aliyelala. Tulimnunulia kwa ajili ya masomo, na mtaani kwetu hapa mjini Tansen ilikuwa ya pili tu. Mimi nilikuwa na wasiwasi nayo mno. "Usiweke chai karibu," nilimwambia mara kumi kwa siku. "Hata chafya usiipigie."

Ikafika siku ya tisa ya sikukuu yetu ya Dashain, siku tunayobariki vyombo vya kazi. Nilichanganya mchele, mtindi na unga mwekundu, nikapata tika, ile alama ya baraka tunayopaka kwenye vyombo na kwenye paji la uso. "Ngoja nimalize cherehani," nikamwambia Ismita. "Kompyuta nitaipaka mwenyewe, kidogo tu." Nilipokwenda uani, hakungoja. Aliipaka tele kama bibi harusi.

Jioni tukaihitaji kwa jambo kubwa. Mama mkwe wangu ana mtoto wa jicho, anaona vivuli tu. Jirani alikuwa amemwambia kwamba vijana wa redio walimrekodi Manbir, mdogo wake mama mkwe, kijijini akitengeneza ngoma, na video iko kwenye intaneti. "Mwishoni anakutaja, Bibi," jirani akasema. Ndugu hao walikuwa na miaka tisa hawasemeshani, kwa maneno waliyotupiana kwenye harusi moja. Jirani alitaka kumfungulia kwenye simu yake, mama mkwe akakataa. "Kama ananitukana, nitukanwe nyumbani kwangu."

Tukaifungua video. Manbir akatokea, anagonga ngoma, midomo inacheza. Sauti hakuna.

"Anasema nini?" mama mkwe akauliza.

"Hatusikii, Bibi," Ismita akajibu.

"Basi mimi mnanionyesha nini?"

Nikampigia simu Tekendra, fundi aliyetuuzia. Akamwelekeza Ismita hatua kwa hatua: angalia alama ya spika, jaribu video nyingine, fungua kwenye kivinjari kingine, zima uwashe. Kimya kile kile. Mwisho akauliza, "Mdogo wangu, pale ubavuni pana tobo la kuchomekea hedifoni. Hakuna kitu kimeingia?"

"Hakuna, kaka," Ismita akasema haraka.

Nilimwona anaangalia sakafu. Nilimwona, na sikuuliza. Nilikuwa nimeshapata wa kumlaumu.

Kesho yake nilikwenda dukani kwa Tekendra, nikamsema mbele ya wateja. "Umetuuzia mbuzi kwenye gunia."

"Dada, niletee niitazame."

"Niilete uibadilishe vyuma? Sikujui?"

Akaendelea kufungua skrubu zake. Wateja wawili waliondoka.

Zaidi ya wiki tatu zikapita, na mama mkwe hakutaka tena kutajiwa video ile, hata kwenye simu ya jirani. Ikaja siku ambayo dada huwapaka ndugu zao wa kiume tika na kuwavisha maua. Mama mkwe, kama kila mwaka tangu ugomvi ule, alitunga kwa kupapasa shada la maua ya zambarau yale yasiyonyauka, akalitundika mlangoni. Ismita alimwangalia siku nzima.

Asubuhi iliyofuata, wakati anamchana bibi yake nywele, akaanza kulia. "Bibi, ni mimi. Punje ya tika iliingia kwenye tobo. Nikaisukuma kwa njiti ya ufagio ili itoke, ikazama. Nilimwogopa Mama."

Nilikwenda tena kwa Tekendra, safari hii kichwa chini, nikamwomba radhi mbele ya waliokuwepo. Alikuja. Akaongeza sauti, kwenye kioo pakatokea alama ndogo ya hedifoni. "Mnaona? Inadhani mmevaa hedifoni, kwa hiyo inapeleka sauti huko. Kivinjari hakina kosa." Akaizima, akatia kibanio chembamba, akaitoa punje moja, bado nyekundu.

Video ikasema. Baada ya ngoma, Manbir akakohoa. "Dada yangu aliye Tansen, kama unanisikia. Mimi ndiye niliyeanza. Siku ya tika mwaka huu siendi popote. Nitakaa mlangoni, uje unipake."

Mama mkwe akauliza, "Siku ya tika ilikuwa lini?"

Alijua. Ilikuwa jana.

Siku ile ile tulipanda basi, kisha tukatembea. Manbir alitoka, mzee kuliko kwenye video. "Nilikaa na paji tupu mpaka jua likazama," akasema. "Nikajua hujanisamehe."

"Sikusikia, Manbir. Leo ndiyo nimesikia." Akampapasa uso mpaka akalipata paji la uso, akampaka. Walilia wote wawili. Siku yenyewe ilikuwa imepita, na ya mwakani hakuna aliyewaahidi.

Ismita alisimama nyuma yangu. Mama mkwe akamvuta. "Mjukuu wangu, mimi nilinyamaza miaka tisa, nikijua fika neno la kusema. Usirithi hilo kwangu. Ukiharibu kitu, kiseme siku ile ile, kingali kidogo."

Kisha akageuza uso upande wangu, ingawa hanioni. "Na wewe mkwe wangu, mtoto akikuogopa kuliko anavyoliogopa kosa, atakuficha."

Ndiyo maana nimeandika haya. Punje ile ninayo, nimeifunga kwenye karatasi ndani ya sanduku la cherehani. Nikitaka kufoka, kwanza naifungua.