Inua Mikono Nikupime

Soksi ilikuwa kavu. Mwongeli aliivua kwa mara ya tatu kabla ya saa nne asubuhi, akaikamua kwa nguvu, na hakikutoka kitu. Januari ilikuwa imekausha hata mitaro ya mtaa wa Kawangware 56, vumbi limetanda juu ya kila cherehani, na bado mguu wake wa kushoto ulimwambia kwamba umesimama ndani ya maji baridi hadi kwenye kifundo.

"Awiti," aliita. "Hebu kuja uguse hapa. Niambie kama kumelowa."

Awiti alikuwa msusi, na kibanda chake kilipakana na cha Mwongeli. Aliacha kichwa cha mteja kikiwa nusu, akaja na kitana mdomoni, akaupapasa ule mguu.

"Kumekauka kabisa. Ati unasikia maji? Ingetoka wapi bana, na vile jua limewaka?"

"Sijui. Lakini naisikia."

"Basi kama unaisikia, iko," Awiti alisema, akarudi kwa mteja wake.

Ukipata mtu wa kukuamini jambo kama hilo papo hapo, mshike vizuri. Mwongeli alimshika, na mtaona alivyomshika.

Ukweli ni kwamba maji yale aliyajua yalikotoka, ila hakutaka kuyajua. Wiki iliyotangulia, mwanaume mmoja mwembamba alisimama mlangoni na kitambaa cha satini cha zambarau mkononi. Aliambiwa karibu kwenye benchi, akakataa kukaa. Dada yake alikuwa amefariki, alisema, na mazishi yalikuwa Jumamosi, kwa hiyo alitaka gauni la kumzikia.

"Lete nguo yake ya zamani nipimie," Mwongeli alimwambia. Mwalimu wake wa ushonaji kule Machakos alikuwa amewakanya wanafunzi wote: nguo ya maiti hupimwa kwa nguo yake mwenyewe, haipimwi kwa mwili wa aliye hai, na fundi asithubutu kuipima kwa mwili wake.

"Nguo zake tumeshagawa," mwanaume alijibu. "Lakini yeye ni kama wewe tu. Jipime wewe."

Mwongeli alikuwa na sare ishirini za kwaya za kumaliza, na mteja huyu alikuwa amemzibia mlango. Aliivuta futi yake ya kupimia kutoka shingoni, akainua mikono, akajizungushia. Kifua thelathini na sita. Kiuno thelathini. Nyonga arobaini. Kila alipotaja namba, yule mwanaume alisema, "Asante," kwa adabu sana, kama mtu anayepokea chakula. Alipoondoka, mahali aliposimama palibaki nyayo mbili zilizolowa, juu ya saruji ambayo haikuwa imeona maji tangu Krismasi.

Gauni lilichukuliwa Ijumaa. Jumatatu ndipo mguu ulipoanza kulowa.

Kutoka mguuni kitu kile kikapanda. Kilimchoma mapajani kwa sindano nyingi ndogo, zile za kushikizia pindo, na shuka ikimgusa ngozi aliruka kama aliyewekewa pasi. Kila alipoinamisha kichwa kuitazama sindano ya cherehani, umeme ulimshuka kutoka kisogoni hadi unyayoni, na kazi ya fundi ni nini kama si kuinamisha kichwa? Kisha kikamfika mbavuni. Kitu kilimzunguka chini ya matiti, chembamba, kikamkaza, na mara ya kwanza alidhani ni sidiria akaifungua, kumbe hakikuwa juu ya ngozi. Kilikuwa ndani. Na kilipokaza, sauti ile yenye adabu ilimwambia karibu na sikio, "Thelathini na tano. Asante." Kesho yake ilikuwa thelathini na nne.

Alimwambia mumewe. Mutinda aliuza misumari na mabati kwenye hardware ng'ambo ya barabara, mtu wa vitu vinavyoonekana.

"Juzi mguu, jana shingo, leo mbavu," Mutinda alisema bila kuacha kula. "Kesho itakuwa nywele? Ni baridi tu. Vaa soksi mbili."

"Mutinda, kuna mtu ananipima."

"Basi mwambie akushonee kitu," alijibu, na akacheka peke yake.

Halafu ikaja siku ya pasi. Ilikuwa saa sita mchana, stima imepotea, na Mwongeli alikuwa akizinyoosha kola za kwaya kwa pasi ya makaa, mvuke ukimpanda usoni, joto likimwingia kichwani, na jicho lake la kushoto likaanza kufifia, kwanza pembeni, kisha katikati, hadi likawa na rangi ya majivu, na ndani ya majivu yale, kwenye kona ambayo jicho la kulia liliona benchi tupu, jicho la kushoto likaona gauni la zambarau limesimama, limejaa, lina kifua chake na kiuno chake na nyonga zake, mikono imeinuliwa kama ya mtu anayengoja kupimwa, na harufu ya kitambaa kilichovunda kwa maji ikakijaza kibanda chote, na juu ya shingo ya gauni lile hapakuwa na kitu, kwa sababu kichwa hakikuwa kimepimwa.

Awiti alimkuta chini, pasi ikiunguza kola. Alifunga saluni, akampeleka hospitali, na aliendelea kumpeleka kwa miezi miwili, hadi wakapata zamu ya mashine ya kupiga picha ya kichwa. Daktari alikuwa dada mwenye sauti ya upole. Alisema ni maltipo sklerosisi: kinga ya mwili inazitafuna neva, inazichuna ganda kama waya wa stima unaochunwa plastiki, ndiyo maana mguu unasikia maji yasiyokuwepo na mbavu zinakazwa bila kamba.

"Huu ugonjwa unakuja, unatulia, halafu unarudi," daktari alisema. "Ukitulia usifikiri umepona. Kuna dawa ya kuupunguza kasi. Usikose kliniki."

"Na ile sauti?" Mwongeli aliuliza.

Daktari aliandika kitu, akamshauri alale vya kutosha.

Ndipo Mwongeli akamtafuta Ndululu, mganga wa Kitui aliyekuwa akikaa ghorofa ya nne katika majumba mapya ya Soweto East, kule Kibera. Miguu ilikuwa haimtii tena. Awiti alimshika kiunoni ngazi baada ya ngazi, jasho likimtoka, akitania njia nzima.

"Huyu mganga wako si angekaa tu pale chini, jameni? Ama jini wake anapenda kuona town?"

Awiti aliachwa kwenye korido, akajiimbia wimbo wa kanisani. Ndani, Ndululu aliizima sauti ya televisheni, akainusa ile futi aliyoletewa, mwanzo hadi mwisho.

"Yule hakuwa na dada," alisema. "Jini halina mwili, mwanangu. Hili limezunguka likitafuta mtu wa kuligawia kipimo chake, na wewe ukaligawia, ukiinua mikono mwenyewe."

"Lifukuze, mwaitu. Nakuomba kama mama yangu."

"Halifukuzwi. Linahamishwa. Kitambaa kilibaki?"

"Kilibaki. Alileta kingi."

"Alijua. Mshonee mtu mwingine, mpime kwa futi hii hii. Lakini ainue mikono kwa hiari yake, tena akicheka. Anayekushuku hafai."

"Mtu gani atakubali?" Mwongeli alinong'ona.

Ndululu aligeuka akautazama mlango, nyuma yake wimbo ukiendelea. "Nani amekupandisha hizo ngazi?"

Siku tisa Mwongeli alipigana na wazo hilo. Hilo tumpe, maana baada ya hapo hana kingine cha kupewa. Siku ya kumi alikuwa akishona kola nyeupe, akaona doa jekundu likitanda, akashangaa damu ni ya nani. Sindano ilikuwa imepita kwenye ukucha wake mara tatu na hakusikia chochote. Aliogopa. Mikono ndiyo ilikuwa maisha yake, na bila hiyo angebaki mke wa Mutinda, wa kuchekwa kitandani akiwa amevaa soksi mbili.

Alienda mlango wa pili.

"Awiti, umenibeba hospitali, umenibeba Kibera. Sina cha kukulipa. Wacha nikushonee nguo."

"Wewe! Mimi sijapimwa na fundi tangu harusi."

"Inua mikono nikupime."

Awiti aliinua, akicheka, makwapa wazi, kitana bado kimechomekwa kwenye nywele. Mwongeli alimzungushia futi.

"Thelathini na nane," alisema kwa sauti kavu.

"Asante," alijibiwa, na si Awiti aliyejibu.

Siku ya sita baada ya kumkabidhi Awiti gauni la zambarau, maji yalikauka mguuni. Mbavu zikaachia, jicho likarudi, na Jumapili Mwongeli alicheza kanisani hadi viatu vikamtoka. "Si nilisema ni baridi tu?" Mutinda alisema. Kadi ya kliniki Mwongeli aliwashia jiko. Alifurahi, mtu asiwadanganye kwamba hakufurahi. Alilala usingizi mzito, na alipokutana na Awiti asubuhi alimsalimu akiutazama mlango.

Mwezi wa saba, kwenye ile baridi ya Nairobi isiyo na jua, Awiti alikuja na gauni la zambarau ndani ya mfuko.

"Sasa mrembo. Hebu niachilie kidogo hapa kwa mbavu. Inanibana mpaka pumzi haishuki."

Mwongeli aliligeuza gauni, akatazama mishono. Hapakuwa na mahali palipobana. Alilishona mwenyewe, akaliachia nafasi.

"Umenenepa tu," alisema.

"Labda." Awiti hakucheka. Alijishika chini ya matiti, akasogea karibu. "Lakini Mwongeli, hii nguo sijaivaa wiki mbili. Imekaa kwa mfuko. Na bado inanibana."

Mwongeli aliupitisha mshono uleule vidoleni tena.

"Na jana nimevuta nywele ya mteja hadi akalia. Sikuwa nasikia nimeshika nini. Ameenda na kichwa nusu." Sauti ilimshuka. "Nimekuja kwako juu wewe unajua hizi vitu. Wengine watasema nimekuwa wazimu. Ni nini hii?"

Hapo palikuwa na maneno ya kusema. Angeweza kumtajia daktari yule mpole, na dawa ya kupunguza kasi, na kliniki. Angeweza kumwambia habari za futi na akapigwa kofi alilostahili. Alimtazama Awiti usoni, na maneno yaliyomtoka yalikuwa ya Mutinda.

"Ni baridi tu. Vaa soksi mbili."

Awiti alisimama pale kama mtu aliyefungiwa mlango. Mwongeli aliinamisha kichwa kulikunja gauni, apate kukwepa macho yale, na umeme ukamshuka kutoka kisogoni hadi unyayoni, na mguu wa kushoto ukaingia majini, na mbavu zikakazwa mara moja, kwa nguvu kuliko zamani, na jicho likajaa majivu, na ndani ya majivu yakasimama magauni mawili, moja la thelathini na sita, lingine la thelathini na nane, yote yameinua mikono, yote hayana vichwa, na daktari yule akamsemea kichwani tena, unakuja, unatulia, unarudi, na Mwongeli akaelewa kwamba maumivu yale yangetulia hata kama asingempima mtu yeyote. Jini halikuwa limehama. Lilikuwa limeongeza mwili.

Alipepesuka, cherehani ikayumba. Awiti alitupa mfuko, akamdaka mkono.

"Imerudi? Aki pole, Mwongeli. Pole sana. Shika mimi, usianguke."

Alimshikilia hivyo kwa muda, uso umemjaa huruma. Kisha aliviangalia vidole vyake mwenyewe, vilivyokuwa vimekizunguka kiganja cha Mwongeli, akaviangalia tena, na huruma ikamtoka usoni.

"Mwongeli," alisema polepole, "hebu niambie ukweli. Nimekushika?"